Unaacha Roi Peke Yake

Simu ya Séphora ilichukuliwa siku ya Ijumaa, mchana kweupe, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anajaribu sapatu za plastiki. Aliyeichukua ni Mbusa, mdogo wa mume wake. Alikuwa ameiomba kidogo tu ampigie fundi wa pikipiki, maana simu yake mwenyewe haikuwa na unité za kupigia. Séphora aliifungua, akampa, akageuka kumtafutia mteja namba ya mguu wake. Alipogeuka tena alimkuta Mbusa hajampigia mtu yeyote. Amesimama kizingitini mwa butiki, midomo inacheza polepole kama mtu anayesoma Biblia bila sauti.

"Lambert ni nani?" aliuliza.

Séphora alicheka kwanza. Alijibu kwamba ni muzee mmoja wa Kindu, wanachezaka naye. Neno lile lilipotoka alilisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka vibaya. Mteja aliinua kichwa. Mbusa aliitia simu mfukoni mwa shati, akasema ataipata kwa mama, akapita ndani ya nyumba. Yule mama alilipa bila kubishana bei, jambo ambalo huku mtaani Shari halionekani mara nyingi, akaondoka na sapatu zake na habari kubwa kuliko sapatu.

Séphora alibaki amesimama katikati ya ndoo na mabeseni. Alitaka kumfuata shemeji yake, lakini butiki haiwezi kuachwa wazi. Akakaa. Kila aliyeingia alimhudumia, na kila aliyetoka alimwona anageuza shingo kutazama ndani kabla ya kwenda.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wa Butembo waliohamia Bunia kwa biashara. Butiki ilikuwa mbele, salon katikati, jiko na kiwanja kidogo cha sombe, majani ya muhogo, nyuma. Kamate, mume wa Séphora, alikuwa Kampala akinunua mali. Mali ilikuja kwa lori kupitia Mahagi, yeye hakuja nayo. Alikuwa akisema atarudi wakati wa Pasaka, kisha wakati wa likizo kubwa, kisha akaacha kutaja wakati. Ndani ya nyumba walibaki wanawake wawili: Séphora na mama mkwe wake, Pétronille, mjane. Mbusa alikuwa na chumba chake karibu na soko, akija kula na kuangalia kama mambo yanaenda. Mtoto hakuwepo. Huko kanisani akina mama wa maombi walikuwa wamezoea kumwekea Séphora mikono tumboni bila kumuuliza kama anataka.

Mchezo wenyewe, ule wa échecs, yaani sataranji, wenye mfalme anayeitwa roi, na farasi wanaoitwa cavalier, na minara, alikuwa amefundishwa na Kamate katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Kamate alikuwa na ubao wa kukunja. Jioni walikaa mkekani, yeye akirudisha pion ya mke wake, kipande kile kidogo, nyuma kwa kidole na kumwambia afikiri tena. Alipokwenda Kampala wakaendelea kwenye simu. Halafu Séphora akaanza kumshinda. Alimshinda mara moja, Kamate akacheka. Alimshinda tena na tena, Kamate akasema kazi imekuwa nyingi. Mwaliko wa mchezo aliotumiwa na Séphora ulikaa kwenye simu bila kujibiwa mpaka ukafutika wenyewe.

Ndipo alipoanza kucheza na watu asiowajua, ile michezo ya mbio wanayoiita blitz. Kila mchezaji anapewa dakika tatu kwa mchezo mzima. Zikiisha kabla hujamaliza, umeshindwa hata kama ulikuwa unaongoza. Dakika tatu zilifaa sana kwa mtu wa butiki. Mteja akiondoka, unaanza. Mwingine akifika, umemaliza au umeshindwa. Mara nyingi alishindwa akiwa anapima kamba au anatafuta chenji, saa ikimkimbilia kwenye meza bila yeye.

Namna yake ya kucheza ilikuwa moja. Alishambulia. Alitoa farasi wake wawili mapema, akamtoa na dame, yaani malkia, akawatuma wote upande wa mfalme wa mwenzake, na kama mlango haukufunguka alitoa sadaka: fou, yule askofu, kwa pion moja, au mnara mzima, ili ukuta ubomoke. Wengi walikufa hapo, wakiwa bado wanashangaa. Mtu ambaye angemwona Séphora kanisani, amekaa benchi ya nyuma na kitambaa chake kimefungwa vizuri, asingeamini. Lakini wale walioukaza moyo na kukataa kushtuka, wakabadilishana naye vitu kimoja kimoja mpaka ubao ukabaki mtupu, hao walimshinda. Séphora hakujua afanye nini na ubao mtupu. Aliona nafasi zote zile nyeupe na nyeusi, mfalme wake katikati na pion chache, mkono ukaanza kwenda haraka. Mara nyingi alibonyeza kitufe cha kukubali kushindwa kabla hajatazama vizuri.

Lambert alikuwa mmoja wa waliomshinda hivyo. Alikuwa mstaafu wa reli huko Kindu. Hawakuwahi kusikiana sauti. Kwa miezi walicheza saa za mchana, jua likiwa kali na wateja hawapo, na baada ya mchezo waliandikiana neno moja au mawili: vizuri, pole, kesho. Wiki ile Séphora alikuwa ameshindwa naye mfululizo, akaandika kwa hasira kidogo kwamba kama yeye ni mwalimu basi amwambie makosa yake yako wapi. Lambert alikaa kimya siku kadhaa. Kisha akatuma ujumbe mrefu. Séphora alikuwa ameusoma mara moja tu, harakaharaka, akisema moyoni atausoma vizuri baadaye. Kabla hiyo baadaye haijafika, Mbusa akaomba simu.

*

Jumamosi Pétronille hakumuuliza kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Aliamka, akafagia kiwanja mwenyewe, akapika chai yake mwenyewe kwenye sufuria ndogo. Séphora alipomwekea chakula mchana, alisema tumbo haliko sawa, na baadaye kidogo alionekana anakula ndizi aliyoichoma mwenyewe kwenye makaa.

"Mama," Séphora alimwambia akiwa amepiga magoti kando ya jiko, "ile mambo iko mu simu si vile shemeji anafikiri."

"Baba mukubwa atakuja kesho," Pétronille alijibu bila kumtazama. "Utasema mbele yake."

Mchana ule majirani waliingia butikini kuliko kawaida. Wengine waliuliza bei za vitu na hawakununua. Mmoja alimuuliza kama Kamate hajambo huko Kampala, akatamka jina la Kamate kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayegusa kidonda cha mwingine. Séphora alijibu hajambo. Saa ya jua kali ilipofika, hakukuwa na mteja, na mikono yake haikujua pa kukaa. Alipanga mabeseni kwa ukubwa. Akayapangua, akayapanga tena kwa rangi.

*

Baba mukubwa Kasereka, kaka wa marehemu baba yake Kamate, alifika Jumapili baada ya ibada akiwa bado amevaa koti. Alikuwa muuza misumari na mabati, mtu wa haki katika mizani yake, asiyependa kelele. Alikalishwa kwenye kiti kikubwa. Pétronille alikaa kando yake, Mbusa akakaa karibu na mlango. Séphora aliwekewa kigoda. Wazazi wake waliishi Marabo, hawakuitwa. Kasereka alieleza kwamba wataitwa kama itahitajika. Simu iliwekwa juu ya kitambaa cha meza, uso chini.

Baada ya sala Kasereka alimwambia Mbusa asome. Mbusa alisimama, jambo ambalo hakuna aliyemwomba, akasafisha koo.

"'Jambo Séphora,'" alisoma. "'Uliomba nikuambie ukweli. Nimekuangalia mwezi muzima, moja moja, bila haraka. Weye iko na mukono mwepesi na roho ngumu. Hauogope kutoa kitu ya bei juu ya kufungua mulango. Vile unaingiaka na cavalier zako mbili, minapenda sana, hapa kwetu hakuna mutu anafanyaka vile.'"

Aliinua macho, akaitazama familia.

"Endelea," Kasereka alisema.

"'Lakini sikia. Dame unamutosha inje mapema sana, na kila mutu anamukimbiza. Roi yako unaacha peke yake katikati, haumufichake, utasema hana bei kwako. Tena vitu vikibaki kidogo, weye na mwenzako tu, unakuwa na haraka kama mutu anaogopa kubaki peke yake. Na unaabandonner mbio sana. Mara mingi niliona umekubali umeshindwa, na haukukuwa umeshindwa. Bakia. Kamata wakati. Kesho saa ile yetu nitakungojea. Lambert.'"

Njiani pikipiki ilipita ikapiga honi. Séphora alikuwa ameinamisha kichwa, na wote walidhani ni aibu. Aibu ilikuwepo, kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia ujumbe ule polepole, na aliona kwamba tangu aingie katika nyumba ile hakuna mtu aliyemtazama vile. Mtu wa Kindu, asiyejua uso wake, alikuwa amekaa na michezo yake mmoja mmoja, akaona pale anapokuwa hodari na pale anapoogopa. Alitamani Mbusa asome tena.

"Roi ni nani?" Kasereka aliuliza kwa utulivu.

"Baba, ni mchezo. Jeu d'échecs."

"Échec minajua. Mutoto akianguka ku shule wanaandika échec." Hakusema kwa kejeli, alikuwa anajaribu kuelewa. "Minakuuliza roi."

Séphora alieleza. Aliomba simu awaonyeshe ubao, na Kasereka akaruhusu, Mbusa akaishika yeye mwenyewe huku Séphora akionyesha kwa kidole bila kuigusa. Hapa ni mfalme. Hapa ni dame, hawa farasi, hizi pion. Kasereka alivaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Macho ya Pétronille yalikuwa na ukungu wa uzee, hakujisumbua kuinama, alisikiliza tu.

Kasereka aliegemea tena kiti. Alisema kwamba ameona, mchezo upo, hawezi kusema haupo. Lakini mchezo au si mchezo, mwanaume amemwandikia mke wa mtu kwamba amemwangalia mwezi mzima, na kwamba kuna saa yao. Mume wa huyo mwanamke, anajua?

"Yeye njo alinifundisha," Séphora alisema. "Mumupigie, baba. Muulize Kamate. Ni yeye alinifundisha hata namna ya kutembeza cavalier."

Pétronille aliinua uso kidogo, akaurudisha chini.

*

Walimpigia kwa simu ya Kasereka, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Kamate aliitika upesi. Alimwamkia baba yake mkubwa kwa heshima zote, akauliza habari za mabati na mvua. Kasereka alimweleza jambo tangu mwanzo mpaka mwisho, akimsomea hata baadhi ya maneno ya ujumbe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Kamate hakumkatiza. Hakuuliza swali hata moja.

"Sasa bibi yako anasema ile mchezo ni weye ulimufundisha," Kasereka alimaliza. "Ni kweli?"

Kwa jibu moja tu mambo yote yangekwisha. Séphora alikuwa ameanza hata kupumua. Alijua kwamba Kamate, aliposikia dame na roi na cavalier, alikwisha kuelewa yote kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Labda alikwisha kuona hata michezo yenyewe, mashambulizi yale, mfalme ameachwa katikati.

"Hapana, baba," Kamate alisema. "Ile mchezo siijue."

"Hauijue?"

"Siijuake. Kama aliifunza, aliifunza na wengine." Kisha akaendelea moja kwa moja, kama mtu aliyeona njia imefunguka. Alisema asingependa ugomvi. Séphora aende kwanza Marabo kwa wazazi wake apumzike. Ufunguo wa butiki ashike Mbusa. Yeye akirudi wataona.

Séphora hakulia wala hakubisha. Alitazama simu ile ya Kasereka juu ya meza, ndogo, ya rangi ya kijivu, na sauti ya mume wake inatoka ndani yake ikiwa safi kabisa. Alikumbuka kidole kinachorudisha pion nyuma. Ilionekana kama anakubali, na Kasereka alianza kutikisa kichwa kwa huzuni.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika huko Kampala. Haikupazwa, haikuwa na haraka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema maneno yale yale kila siku.

"Baba Néhémie, mayi ya kuoga inapoa."

Simu ilifunikwa kwa kiganja, ukasikika mkwaruzo, kisha ikakatika.

Katika salon ile hakuna aliyehitaji kuelezwa namna mwanaume anavyopata kuitwa baba wa fulani. Na Néhémie lilikuwa jina la marehemu, mume wa Pétronille, ambalo mtoto wa Kamate wa kwanza wa kiume angelipata kama angezaliwa. Alikuwa amezaliwa. Mbusa alitazama mlango, na kwa namna alivyoutazama Séphora alitambua kwamba yeye alikuwa anajua.

Kasereka alichukua simu yake, akaifuta kwa koti, akaitia mfukoni. Alikohoa. Alisema kwamba hilo walilosikia ni jambo lingine, nalo litapata siku yake. Lililowaleta leo ni hili la ujumbe, na mume amekwisha kujibu.

"Amesema uongo," Pétronille alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Kamate anaijua ile mchezo. Akiwa mudogo kule Butembo alikamata sabuni yangu ya kufulia, muti muzima, akaichonga yote. Akafanya farasi, akafanya wafalme. Nilimupiga mpaka jirani akaja kumutosha mu mikono yangu." Ilipoonekana amemaliza, akaendelea. "Binti aliposema cavalier, nilikumbuka. Nikanyamaza. Nilisema, acha mutoto wangu aseme mwenyewe."

"Mama, lakini ule Lambert..." Mbusa alianza.

"Mbusa, rudisha simu ya watu."

Mbusa aliitazama sura ya baba yake mkubwa, hakupata msaada, akainuka akaiweka simu mapajani mwa Séphora. Kasereka alifunga kikao kwa sala. Aliombea amani ya nyumba na watu walio safarini, hakutaja jina la mtu. Hakuna aliyemwambia Séphora pole. Mlangoni, akivaa kofia, Kasereka alimshauri kwa upole kwamba na yeye, kama mwanamke wa nyumba, aangalie hii michezo, kwa maana watu hawaelewi. Séphora alisema asante, baba.

*

Alipofungua simu alikuta kwamba tangu Ijumaa Mbusa alikuwa amemjibu Lambert. Alikuwa amemwandikia kwa Kifaransa kikali, akimwita muzee wa aibu anayevunja nyumba za watu, na kumwambia wanajua pa kumpata. Chini yake kulikuwa na jibu.

"Munisamehe. Mie ni muzee wa wajukuu, sikuwaza mubaya. Sikutaka kuharibisha mama huyu nyumba. Sitaandika tena."

Séphora aliandika kueleza yote, akafuta, akaandika tena kwa kifupi: si mimi niliyekujibu, tafadhali rudi. Akatuma. Jina la Lambert lilikuwa limebadilika rangi, na programu ikamjulisha kwamba mchezaji huyo amefunga mlango wake. Ujumbe haukwenda. Siku zilizofuata aliufungua tena kila mchana, saa ile ya jua kali, kwa kuwa labda muzee angebadili mawazo. Hakubadili.

Alicheza na wengine. Siku moja alicheza na mtu wa nchi ambayo hakuijua hata bendera yake. Akamficha mfalme wake mapema nyuma ya pion, akamwacha dame nyumbani. Mashambulizi yake hayakufika popote, na vitu vikaisha kimoja kimoja mpaka ubao ukawa mtupu kama kiwanja cha shule wakati wa likizo. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuacha. Akakirudisha. Saa ilikuwa imebaki ndogo, lakini ilikuwepo. Alimtembeza mfalme hatua moja, akatazama, akamtembeza tena, pion yake ikiwa kando yake, mpaka pion ikafika mwisho ikageuka dame mpya. Yule mtu akakubali kushindwa.

Séphora aliinua kichwa. Butiki ilikuwa tupu. Kwenye mlango wa ndani Pétronille alikuwa anabambua madeso, maharagwe mabichi, kwenye sinia.

"Mama, nimeshinda," Séphora alisema.

"Umeshinda nani?"

"Simujue."

Pétronille alitikisa kichwa kana kwamba hilo nalo ni jibu, akaendelea na madeso yake.

Siku zile waliishi vizuri, kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja. Pétronille alirudi kula chakula cha Séphora. Ufunguo wa butiki haukuondoka. Kamate alipiga kila siku, mara simu ya mke wake, mara ya mama yake. Wanawake wale waliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha mmoja akauliza kama chumvi ipo. Mbusa aliacha kuja kula.

Alhamisi moja Séphora alitoka butikini kuchukua maji. Alimkuta Pétronille nyuma ya jiko, amekaa juu ya tofali, simu yake ndogo ameibana sikioni kwa mikono yote miwili.

"Meno imeisha kutoka?" alikuwa anauliza. Alisikiliza. "Na anafanana nani?" Akasikiliza tena, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha ndani, ambacho Séphora hakuwahi kukisikia katika nyumba ile kwa miaka yote aliyoishi humo.

Séphora alirudi nyuma polepole, kikombe mkononi, ili bawaba ya mlango isilie. Hakukasirika. Alijaribu kukasirika na haikuwezekana. Alisimama katikati ya butiki na kiu yake, akaelewa kwamba mama huyu alikuwa amemwokoa mbele ya watu, na kwamba hata hivyo nafasi ndani ya nyumba ilikuwa imekwisha kujaa.

Alimwambia Pétronille wakati wa chakula cha jioni, kabla jua halijazama. Alisema Jumatatu atakwenda Marabo. Hafukuzwi, anakwenda mwenyewe. Atawaeleza wazazi wake, na wakubwa wa pande zote wataongea yao. Alisema ameacha mali yote imepangwa.

Pétronille hakumwomba abaki. Alikula tonge moja, mbili.

"Ulinisikia ku jiko," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilisema ukweli juu yako. Ningeusema tena."

"Najua, mama."

"Lakini ule mutoto iko damu yangu. Hakuomba kuzaliwa."

"Najua."

Pétronille alinyoosha mkono akamwongezea mboga, ingawa sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Jumatatu asubuhi walikunja pamoja vikwembe, vile vitenge vya Séphora, huyu ameshika pembe mbili, yule mbili. Pétronille alibeba begi mwenyewe mpaka barabarani, akakataa kusaidiwa. Pikipiki ilipokuja alimwambia dereva aende pole kwenye mashimo, akamfunga Séphora kitambaa vizuri kwa ajili ya vumbi, akabaki amesimama. Séphora aligeuka mara moja. Mkono wa yule mama ulikuwa juu, lakini kwa macho yake yale, alikuwa anaupungia upande ambao pikipiki haikwenda.

Pétronille alirudi akafungua butiki. Hakujua kama anafanya sawa, lakini siku ya soko butiki haifungwi. Baada ya muda aliingia mwanaume mmoja, akainua ndoo yenye kifuniko, akauliza bei. Pétronille hakuijua. Aligeuza kichwa ndani ya nyumba akaita jina la Séphora, kwa sauti ya kawaida, akangojea. Aliita tena. Mteja alingojea naye, kwa adabu, ndoo mkononi, akidhani mtu anakuja.